Sangara na Maji Aliyoyakuta

Tangu miaka ya 1980, kesi ya kutoweka kwa furu, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, imekuwa na mshitakiwa mmoja: sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaongezeka ghafla na kufurika ziwani. Katika kipindi hicho cha mafuriko yake walianza kutoweka furu, ambao spishi zao zilikadiriwa kufikia 500 na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Inakadiriwa kuwa spishi kama 200 zilipotea.

Wanaomshitaki sangara hawakosi ushahidi. Katika Ghuba ya Mwanza furu walianguka pale pale sangara alipoongezeka, na walipoadimika alihamia kwa uduvi, dagaa na hata watoto wake mwenyewe. Mlaji wa namna hiyo hawezi kuachiwa huru, na sikusudii kumtetea.

Hata hivyo, mashitaka haya yanalichukulia ziwa kama beseni ambalo ndani yake samaki mmoja aliwala wengine, na maji yakabaki vilevile. Tope la sakafuni mwa ziwa, linalojilimbika tabaka juu ya tabaka, linaeleza habari nyingine: mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na kukua kwa idadi ya watu na kupanuka kwa mashamba kandokando ya ziwa, na oksijeni ya maji ya kina ilikuwa imeanza kupungua mwanzoni mwa miaka ya 1960, takriban miaka 20 kabla ya mafuriko ya sangara. Udongo na maji machafu huleta fosforasi na naitrojeni, mwani unastawi, na unapokufa huzama na kuozeshwa na bakteria ambao hutumia oksijeni iliyopo. Furu waliozoea maji ya chini walikuwa wamebanwa hata kabla ya adui kuwafikia.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni rangi. Furu jike humchagua dume kwa rangi yake, mwekundu au wa buluu, na spishi zilizo karibu kinasaba hubaki mbalimbali kwa sababu ya uchaguzi huo tu. Maji yakichafuka kwa mwani na matope, mwanga hupungua, rangi hazitofautiki, na jike hupandana na dume asiye wa jamii yake. Kizazi baada ya kizazi spishi mbili zinakuwa moja, bila furu hata mmoja kuliwa. Katika takwimu za kutoweka, hasara hiyo huandikwa kwa urahisi kwenye hesabu ya sangara.

Yapo pia yaliyotokea baada ya wavuvi kumpunguza sangara katika miaka ya 1990, ambapo baadhi ya furu wa Ghuba ya Mwanza walirudi. Spishi moja miongoni mwao ilirudi ikiwa na mashavu yenye eneo la kuvutia hewa kubwa kwa zaidi ya nusu kuliko zamani, mabadiliko yaliyochukua miongo miwili tu. Shavu kubwa halimsaidii samaki kumkwepa sangara, linamsaidia kupumua.

Upande wa mashitaka hujibu kwamba furu wengi walikuwa walaji wa mwani na mabaki ya viumbe, hivyo sangara alipowamaliza alichangia yeye mwenyewe kuyachafua maji. Jibu hilo lina uzito, ingawa tarehe za tope hazilikubali kama chanzo. Linachosha kwa jambo moja: linaacha doria za uvuvi zikihesabu nyavu haramu, huku Mto Mirongo ukipita katikati ya jiji la Mwanza na mfereji wa Nakivubo ukipita Kampala, vyote vikimwaga uchafu ziwani.

Na upungufu wa oksijeni haukuwa adui wa furu peke yao. Sangara huuvumilia vibaya kuliko furu wengi, ndiyo maana vinamasi vya mafunjo, ambavyo maji yake yana oksijeni haba, vimekuwa kimbilio la furu ambako yeye hathubutu kuingia. Mafunjo hayohayo huchuja udongo na mbolea kabla havijafika ziwani. Kila kinamasi kinachokaushwa ili kulimwa mpunga au mboga kinamfungulia sangara mlango na kulifungulia tope njia kwa wakati mmoja.