Iulize hifadhidata yenyewe

Kila nikikabidhiwa mfumo ambao aliyeutengeneza ameshaondoka, swali langu la kwanza ni hili: humu ndani mna majedwali gani? Nimefanya kazi na vijana wengi waliomaliza kozi nzima ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, wanaozijua amri zake kama JOIN na GROUP BY barabara, lakini ukiwaketisha mbele ya hifadhidata ngeni wanauliza, "Kaka, maelezo yake yako wapi?" Mara nyingi hayapo. Mwenye kuyajua alishahama kazi, na simu hapokei.

Siwalaumu vijana. Wamefundishwa kwa jedwali la wateja na jedwali la bidhaa, majina yakiwa yameshaandikwa ubaoni. Kama ningepewa darasa, siku ya kwanza ningewafungulia hifadhidata wasiyoijua na kuwaonyesha namna ya kuiuliza ijitaje yenyewe.

Jambo hili linawezekana kwa sababu kuna mtu alilidai. Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM huko San Jose, California, ndiye aliyeleta wazo la hifadhidata za kihusiano, zinazopanga data katika majedwali, mwaka 1970. Mwaka 1985 akatoa kanuni za kupimia kama bidhaa inastahili kweli jina hilo. Kanuni ya nne inataka maelezo ya hifadhidata yawekwe kwa namna ileile inayowekwa data ya kawaida, ili mwenye ruhusa ayasome kwa lugha ileile. Yaani orodha ya majedwali nayo iwe jedwali. Naipenda kanuni hii kuliko nyingine zote, maana inamfikiria anayekuja nyuma.

Kiwango cha SQL cha mwaka 1992 kikaipa orodha hiyo makao yanayojulikana, information_schema:

SELECT table_schema, table_name
FROM information_schema.tables
WHERE table_type = 'BASE TABLE'
AND table_schema NOT IN ('pg_catalog', 'information_schema');

Hapo nimeandika kwa ajili ya PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata. Kwenye MySQL, programu nyingine ya aina hiyo, ongeza mysql, sys na performance_schema kwenye yale ya kuachwa, la sivyo majedwali ya mfumo wenyewe yatakujazia kioo. Sharti la BASE TABLE linaziweka kando zile VIEW, yaani maswali yaliyohifadhiwa yanayoonekana kama majedwali. SQL Server nayo inaijua information_schema. Oracle haina, huko unauliza user_tables upate yaliyo yako, au all_tables upate yote unayoruhusiwa kuyafikia. SQLite, ambayo imo ndani ya simu ya Android uliyoishika, ina sqlite_master.

Najua utaniambia kwamba kuna njia fupi. Zipo, na nazitumia kila siku: SHOW TABLES kwenye MySQL, \dt kwenye psql, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL. Shida ni pale mtu anapodhani kwamba njia fupi imemwonyesha kila kitu.

Niliwahi kuitwa kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo. Mfumo wao ulikuwa wa PostgreSQL, na walitaka data ihamishiwe kwenye mfumo mpya. Nikaandika \dt, yakaja majedwali 14. Marejesho ya mikopo ya miaka ya nyuma hayakuwemo. Kikaoni watu wakaanza kukubaliana kwamba yamepotea, na kwamba wanachama waombwe kuleta stakabadhi zao. Mhasibu, mama wa makamo aliyekaa pale tangu chama kinaanza, akakataa katakata. "Mwanangu, yapo. Kila mwisho wa mwezi nayaona kwenye ripoti."

Alikuwa sahihi. Amri ya \dt huorodhesha yale tu yaliyo kwenye skima, yaani mafungu ya majedwali, zilizotajwa katika search_path ya aliyeingia, ile orodha ya skima za kutafutwa. Akaunti ya mfumo ilikuwa na search_path yake, yangu ilikuwa nyingine. Nilipouliza information_schema, ikajitokeza skima ya pili iliyoitwa zamani, ikiwa na majedwali tisa. Marejesho yote yalikuwa humo. "Mama, nimeyaona," nikamwambia, naye akafunga daftari lake bila neno.

Tangu siku hiyo nimekuwa mkali juu ya jambo hili. Hata information_schema ina mpaka wake: hukuonyesha yale tu ambayo akaunti yako ina haki nayo. Kwa hiyo kabla hujasema jedwali fulani halipo, jiulize umeingia kama nani. Na kwenye MySQL, usichukue safu ya table_rows, inayotaja idadi ya mistari, ukaipeleka kwa bosi kama hesabu kamili. Kwa majedwali ya InnoDB, injini ya kawaida ya kuhifadhia data ya MySQL, ni makadirio.

Faida nyingine ni kwamba, orodha ikiwa jedwali, unaihoji kama jedwali lolote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019. Utalindaje namba za simu za watu kama hujui zimekaa wapi? Uliza:

SELECT table_schema, table_name, column_name
FROM information_schema.columns
WHERE column_name LIKE '%simu%';

Kisha rudia kwa phone, mobile, tel, kwa kuwa watengenezaji wetu huchanganya lugha. Ukishabofya ule mti wa majina pembeni mwa programu, jedwali baada ya jedwali, utaona thamani ya mistari hii mitatu.

Orodha hiyo lakini ni ya majina, na maana ya majina wanaijua watu. Pale kwenye chama, niliichapa kwenye karatasi nikaketi na yule mama, tukapita jina moja baada ya jingine. Kwenye skima ya zamani kulikuwa na jedwali lililoitwa tmp2. Kwa jina lile, mtu yeyote angelifuta. Nami nilikuwa nimeshaliwekea alama ya kufutwa. Nikamfungulia mistari kumi ya mwanzo. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye kioo. "Huyu ni marehemu," akasema. Akashuka mstari mmoja. "Na huyu. Na huyu pia." Zilikuwa akiba za wanachama waliofariki, zilizotengwa hadi warithi wajitokeze.

Nikafuta ile alama kwenye karatasi, kisha kwenye hifadhidata nikaandika hivi, ili yeyote atakayeorodhesha skima ile kwa \dt+ akute maelezo hayo kando ya jina:

COMMENT ON TABLE zamani.tmp2 IS 'Akiba za wanachama waliofariki. Zinasubiri warithi.';