Maji ya Manyara: mpunga au korongo?

Ukitoka Arusha kwenda Karatu, kabla ya kupanda ukuta wa Bonde la Ufa unapita Mto wa Mbu, mji wa migomba na majaruba ya mpunga. Lango la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara liko papo hapo. Maji yanayonywesha majaruba ndiyo yanayosubiriwa na ziwa, na mvutano wote unaanzia hapo.

Wahifadhi wana hoja. Ziwa ni la magadi, kina chake kifupi, na hakuna mto unaotoka humo. Linaishi kwa kile kinachoingia. Miaka ya ukame hubaki tope jeupe lililopasukapasuka. Korongo weupe wanaokimbia baridi ya Ulaya, na heroe, au flamingo kama waongoza watalii wanavyowaita, watafuata nini kwenye tope kavu? Hifadhi hii ya tangu 1960 matangazo huipamba kwa simba wanaopanda miti. Mimi kila nikienda sijamwona simba hata mmoja juu ya mti, ndege nimewaona.

Sasa mkulima. Usiku wa manane yuko mferejini na tochi na jembe, analinda zamu yake. Akisinzia tu, mwenzake wa juu ameshaziba kwa udongo na kipande cha mgomba. Mpunga ukitoa punje, kwelea kwelea hao, na watoto wanashinda shambani wakiamia ndege kwa makopo. Kumwambia mtu huyu apunguze maji kwa ajili ya ndege ni kumtania.

Nadhani tunamlaumu kupita kiasi. Jaruba lenye maji nalo ni kinamasi cha aina yake: yangeyange huokota vyura humo humo, nyuma ya jembe. Kinachonitia hofu zaidi ni udongo. Kiswahili kina neno moja, korongo, kwa ndege na kwa ufa uliochimbwa na maji ya mvua, na Manyara korongo la pili linamfukuza yule wa kwanza. Miteremko ya Karatu na Mbulu, pale inapolimwa bila makinga maji au kuchungwa hadi ardhi ikabaki uchi, hushusha tope kila masika. Kina kinapungua, maji yanatandaa, jua linayamaliza upesi.

Lakini ujirani mwema, yaani mpango wa hifadhi wa kusaidia miradi ya jamii, hulenga vijiji vinavyopakana nayo. Anayelima mbali kule juu, akiacha hatua mbili za shamba lake apande matete ya kushika udongo kwenye kingo, hasara ni yake peke yake.