Mwacheni mtoto, msimsugue

Hapa Ngamiani, Tanga, mtoto akijikuna barazani mara mbili tu, hukumu imeshatoka: "Huyo ana fangasi, msugue vizuri." Itachemshwa mwarobaini, italetwa sabuni ya dawa, na dodoki juu yake. Mimi naona dodoki ndilo linalozidisha balaa.

Huenda ni pumu ya ngozi, yaani ekzema, nayo si uchafu wala haiambukizi. Ni ngozi isiyoweza kutunza unyevu wake, na mara nyingi inakwenda kiukoo. Ulizia, utakuta mjomba ana pumu ya kifua au mama hupiga chafya kila kukifagiliwa. Ukiisugua unaiondolea hata mafuta kidogo iliyonayo. Inakauka, inawasha, mtoto anakuna, inachanika, bakteria wanaingia. Na kwa ngozi zetu usingoje kuona wekundu. Mkunjue kiwiko, mtazame nyuma ya goti: vipele vidogovidogo, ngozi nene, nyeusi kuliko ya pembeni.

Miezi ya kaskazi jasho la Tanga huichochea zaidi, kwa hiyo mvisheni nguo nyepesi za pamba. Marashi na udi kwenye nguo zake pia basi (shangazi zangu mnisamehe).

Aogeshwe haraka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Taulo limguseguse tu, na mwili ukiwa bado na unyevu apakwe mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu. Asubuhi na jioni, hata siku asiyowashwa. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea: ngozi ikitulia, kopo linafunikwa.

Kinachoniudhi hasa ni zile tyubu za mchanganyiko: dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), vyote pamoja. Siku tatu mtoto anang'aa, nyumba nzima inashangilia, ukiacha inarudi. Ukiendelea miezi, ngozi inakuwa nyembamba na kutoka michirizi. Wanaojichubua wanazijua vizuri.

Lakini pia kuna wazazi wakisikia steroidi wanatupa dawa, mtoto anakesha akijikuna. Haidrokotisoni ya asilimia 1, steroidi isiyo kali, ikiandikwa na aliyeitazama ngozi yenyewe na kupakwa siku alizosema, inasaidia sana. Wataalamu wa ngozi wapo, hospitali ya KCMC kule Moshi kuna kituo kinachowafundisha tangu 1992.

Ila akitoa majimaji ya njano yanayoganda, au malengelenge yenye maumivu pamoja na homa, hayo si ya kupakia mafuta nyumbani. Hospitali, siku hiyohiyo.