Kuongeza picha si sawa na kuzikata

Wapo wapenzi wa sanaa wanaonuna wakikumbushwa kwamba kitabu cha Shah Tahmasp, mfalme wa Uajemi wa karne ya 16, kiliongezewa picha zaidi ya miaka 130 baada ya kukamilika. Wanasema kimechezewa. Mimi naona kilibahatika.

Kitabu chenyewe ni nakala ya Khamsa, tenzi tano za Nizami wa Ganja, mshairi wa karne ya 12. Humo mna mapenzi ya Khusraw na Shirin, mna Layla na Majnun, na mna visa vya mfalme Bahram Gur. Nakala hii iliandikwa Tabriz, Iran, kati ya 1539 na 1543 kwa mkono wa Shah Mahmud Nishapuri, na wachoraji waliopewa kazi walikuwa vigogo wa wakati wao. Sultan Muhammad alimchora Shirin akioga huku Khusraw akimchungulia kutoka mbali. Mir Sayyid Ali alimchora Majnun akikokotwa kwa minyororo na bibi kizee mpaka kwenye hema la Layla. Baadaye Shah aliipa kisogo sanaa, na Mir Sayyid Ali akaenda zake kwa Humayun, mfalme wa Wamughal wa India, akawa miongoni mwa waanzilishi wa uchoraji wa Kimughal.

Mwaka 1675 hivi, huko Mazandaran, kaskazini mwa Iran, mchoraji Muhammad Zaman alikiongezea kitabu picha tatu. Yeye alikuwa amevutiwa na michoro ya Ulaya: miti yake ina vivuli, na mandhari inafifia kwa mbali. Ukitoka kwenye ukurasa wa Sultan Muhammad ukaingia kwake, unashtuka kidogo. Hata mimi nilishtuka. Lakini tazama picha yake ya Fitna, yule kijakazi aliyekataa kumsifia Bahram Gur kwa shabaha yake, akamwambia ni mazoezi tu. Mfalme akaamuru auawe. Fitna akanusurika, akaanza kumbeba ndama ngazini kila siku, ngazi sitini, mpaka ndama akawa fahali na yeye bado anambeba. Bahram alipoona akasema ni mazoezi tu, naye Fitna akamkumbusha kwamba hata shabaha ya mfalme ilikuwa mazoezi. Muhammad Zaman kampandisha Fitna na dude zima begani. Kwangu hakuna picha inayomwelewa Nizami kuliko hiyo, na kama wanunaji wangesikilizwa isingekuwepo.

Wenye kitabu walikisoma, wakakitaka kiendelee. Uharibifu ni kitu kingine kabisa, na Shah huyohuyo anatupa mfano. Nakala yake ya Shahnama, utenzi wa wafalme wa Uajemi, yenye picha 258, aliituma kwa Sultan Selim II wa Uthmaniya mwaka 1568, ikatunzwa nzima kwa karne kadhaa. Mwaka 1959 Mmarekani Arthur Houghton aliinunua, kisha akaifumua. Picha 78 akaipa Metropolitan Museum ya New York, nyingine zikauzwa mojamoja. Mwaka 1994 masalia yake yalirudi Iran kwa kubadilishana na mchoro wa Willem de Kooning wa mwanamke uchi. Makabidhiano yalifanyika uwanja wa ndege wa Vienna, kama watu wanaobadilishana mizigo.

Watetezi wa biashara hiyo husema picha iliyotolewa kitabuni huonwa na watu wengi zaidi. Kweli, huonwa. Ila ikishatiwa kwenye fremu, upande wake wa nyuma unageukia ukuta, na beti zilizoleta tukio na zile zinazolifuata zinakuwa zimekwenda kwa mnunuzi mwingine. Mtu anabaki na mpanda farasi mzuri asiyejua anakwenda wapi.

Anayetaka kumwona Fitna na fahali wake aulizie hati yenye namba Or. 2265, British Library, London. Hati nyingi za maktaba hiyo zilitoweka mtandaoni baada ya shambulio la kimtandao la Oktoba 2023, kwa hiyo asishangae akibonyeza kiungo cha zamani na kisifunguke.