Kinu cha Shangazi Daraja la Kwanza

Mtwara tunajua mabasi. Reli iliyojengwa enzi za mradi wa karanga, kutoka pwani kwenda Nachingwea, ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Chikongola kwamba treni ina chumba cha kulala, yeye anaona chumba kweli: kitanda cha futi tano kwa sita, kabati, na mahali pa kutandika mkeka. Shangazi yangu aliona hivyo. Na kwa kuwa alikuwa anakwenda Mbeya kumwoza binti yake, alifungasha kulingana na alichokiona.

Tiketi kwanza. Kwenye treni ya TAZARA, ile ya Dar es Salaam kwenda Zambia kupitia Mbeya, chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne, viwili chini na viwili juu. Cha daraja la pili kina sita. Wanaume na wanawake hawachanganywi, labda mnunue chumba kizima. Tulikuwa Shangazi, Mjomba, binamu yangu na mimi, tukachukua vitanda vyote vinne. Hapo Shangazi akapata hoja.

"Si tumelipia chumba kizima, baba? Basi tukijaze."

Reli ile upana wake ni milimita 1,067 tu, behewa lenyewe jembamba, na ubavu mmoja wa behewa umeliwa na korido. Kinachobaki nilimchorea kwa mkaa kwenye sakafu ya uani: vitanda vya chini huku na huku, kimeza chini ya dirisha, katikati njia ya mtu mmoja. Mkikutana wawili, mmoja apande kitandani. Mizigo inakaa chini ya vitanda vya chini, au kwenye rafu ya juu ya mlango, ile inayoingia juu ya dari ya korido na ambayo huifikii mpaka uwe kitanda cha juu. Zaidi ya hapo ni miguuni pako.

Chini ya kitanda panataka mabegi laini. Begi la shangazi-kaja ndilo lenyewe, maana linabonyea likasukumwa kwa mguu. Sanduku gumu likizidi kwa unene wa kidole haliingii, na la magurudumu likiingia, kwenye kona linatoka lenyewe kuja kuwasalimu, lilaze ubavu. Rafu ya juu ni ya mablanketi na nguo, kwa sababu treni ikifunga breki ghafla, chochote kilichokaa pale kinamtafuta aliye chini. Masweta yakae juu kabisa ya begi lililo karibu. Makambako asubuhi si Mtwara.

Shangazi akapanga vitu vyake juu ya mchoro na vyote vikaenea. Vitaachaje kuenea, na mkaa hauna kuta? Kiroba cha mchele cha kilo 25 kilivuka ukuta, ndoo ya nguru mkavu ikapitia dirishani, na kinu, kile kinu chake cha shina zima, kikasimama kwa heshima zote mahali ambapo kwenye treni pana mlango. Mchi, unaonifika kifuani, aliuegemeza hewani na Mjomba akaushika.

"Shangazi, hicho kinu kikae behewa la mizigo. Kinapimwa, unalipia, unapewa risiti."

"Nikilipie kinu changu mwenyewe?"

Mpaka Dar es Salaam hakukuwa na neno. Buti la basi hufunguka ubavu mzima, na kisichotaka kuingia utingo anakisukuma kwa goti. Mbagala tukakodi kirikuu hadi stesheni.

Chumba cha treni kina utaratibu wake wa kupakia. Anaingia mtu mmoja tu, mwingine anabaki koridoni akimpa. Vya chini ya kitanda vinatangulia, kisha vya rafu, wenye vitanda vya juu wanapanda, ndipo vinaingia vya miguuni. Shangazi aliingia wa kwanza, akakaa, akaanza kupokea. Asiyeinuka hawezi kusukuma kitu chini ya kitanda alichokikalia, kwa hiyo kila kilichofika kilitua pale alipoweza kukigusa. Mchele akaukalia. Kiroba cha nazi kikawekwa karibu na mlango. Kinu kikapitishwa kwa ubavu, kikasimama njiani. Mchi ukasimamishwa kwenye pembe.

Mlango wenyewe hauna bawaba, unateleza pembeni kufuata ukuta. Wazoefu wa treni hubeba kipande cha ubao wa kukazia dirisha usiku, mtu wa nje asilifungue treni ikisimama. Kwa mlango ni vilevile: kitu kigumu kikilala kwenye njia unayotelezea, haurudi. Ubao wa dirisha nilikuwa nao mfukoni. Wa mlango alikuwa ameubeba Shangazi.

Treni iliposhtuka kuondoka, mchi ukateleza ukalala chini sambamba na ukuta, ncha moja ukutani chini ya kitanda, nyingine kwenye ukingo wa mlango. Ulikaa kama umepimwa na fundi. Kiroba cha nazi kikaanguka juu yake.

Sasa hesabu. Kuutoa mchi lazima uondoe nazi. Kuondoa nazi lazima usogeze kinu. Kusogeza kinu lazima uondoe ndoo ya nguru, na ndoo haina pa kwenda ila kitandani, penye mchele, na juu ya mchele yupo Shangazi. Vitanda vya juu navyo vilikuwa vimejaa; Mjomba alilala huko na mkeka uliokunjwa, magoti yamemfika kidevuni.

Mkaguzi akagonga. "Tiketi!"

"Mlango haufunguki."

"Toeni komeo."

"Si komeo, ni mchi."

Kimya kidogo. "Ni nani?"

"Mchi. Wa kinu."

Tiketi zikapitia upenyo wa chini ya mlango, zikarudi kwa njia ileile. Giza likaingia. Shangazi akaanza kuuliza Ifakara ni mbali kiasi gani. Birika la chai alilolimaliza stesheni lilikuwa limefika lilikokuwa linakwenda.

Ifakara wauzaji wakajaa dirishani na ndizi na maandazi. Nikatoa ubao wangu, nikafungua dirisha, nikamshushia kijana mmoja kiroba cha mchele.

"Mnauzaje?"

"Shika tu, ndugu yangu."

"Umetoka wapi mchele huu?"

"Mtwara."

Akawaita wenzake waje wamwone mtu aliyeleta mchele Ifakara.

Zikafuata nazi, nikizitoa kumi kumi, na mama mmoja akauliza bei. Shangazi, ambaye tangu Kisaki alikuwa amebana miguu hasemi, akapata sauti. Akabishana bei ya kila kumi mpaka kiroba kikaisha, huku mimi nikivuta ndoo na kinu kurudi dirishani. Mjomba akashusha kanga yenye kitanzi kutoka juu, akaunasa mchi kichwani, akavuta.

Mlango ukafunguka. Mkaguzi alikuwa amesimama pale pale, nyuma yake majirani wa vyumba vyote, wakiutazama mchi unaning'inia kwenye kanga.

"Nipisheni, wanangu," Shangazi akasema, akapita, akaishika korido mpaka mwisho.

Mlango wa choo ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Vyoo vya behewa humwaga relini, kwa hiyo mhudumu huvifunga treni ikiwa kituoni.

"Tunaondoka saa ngapi, baba?" akamuuliza mwenye ufunguo.

"Bado, mama. Reli ni moja. Tunaisubiri ya mizigo ipite."