Siku Nilipoufasiri Wimbo wa Mbuzi

Katika mtaa wetu wa Katuba, hapa Lubumbashi, karibu kila mtu ana kazi mbili: moja ya kumlipa na nyingine ya kumpa heshima. Kazi inayonilipa mimi, pale inapokumbuka kunilipa, ni kufundisha Kifaransa katika shule ya sekondari. Iliyokuwa ikinipa heshima, mpaka mwezi wa Agosti mwaka jana, ilikuwa kufasiri nyimbo. Ulipotoka wimbo mpya na watu wakahisi kwamba ndani yake kuna mtu anayesemwa, walikuja kwenye lupango langu, yaani ua wa nyumba yangu, wakanipa kiti katika nyumba yangu mwenyewe, kisha wakasubiri.

Ustadi huo niliurithi kwa mjomba wangu, fundi mitambo wa Gécamines, kampuni ya migodi, mzaliwa wa Likasi, mji ule ule ambamo Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco mwaka 1952, ulipokuwa bado unaitwa Jadotville. Mjomba alishikilia kwamba wimbo wa Kongo ni kama nyumba: una sebule, ambamo mgeni anakaribishwa na kupewa soda, na una jiko, ambamo mambo yanapikwa. Mfano wake mkubwa ulikuwa wa mwaka 1966, wanasiasa wanne waliponyongwa hadharani huko Kinshasa tarehe 2 Juni, mmoja wao Évariste Kimba, ambaye watu wa huku kwetu Katanga walimjua vizuri. Baada ya hapo mwanamuziki Franco alitoa wimbo wa Kikongo kuhusu mchawi anayewamaliza watu wake. Jina la Rais Mobutu halikutajwa hata mara moja, lakini kila mwenye masikio alilisikia, na Franco mwenyewe akaona heri avuke mto akapumzike kidogo Brazzaville. Mwaka 1985 ulipotoka wimbo wake wa Mario, kijana msomi anayelelewa na mwanamke mwenye pesa, mjomba na wenzake walitumia msimu mzima wa mvua wakibishana Mario ni nani hasa, na inasemekana wanaume wawili wa kazini kwao walianza kujilipia bia zao ili wasishukiwe.

Mimi niliongeza kanuni zangu za kisomi. Kwanza, sikiliza mabanga, yaani yale majina yanayotajwa kwa sauti katikati ya wimbo kwa malipo, kwa sababu aliyelipa ndiye anayekuonyesha wimbo umesimama upande gani. Pili, ukikuta mnyama, tafuta mtu. Tatu, ukikuta rangi, tafuta cheo. Kwa kanuni hizo tatu nilikuwa nimefasiri nyimbo nyingi sana, na kwa kuwa watunzi wake wote walikuwa mbali, hakuna aliyewahi kunisahihisha.

Mwezi huo wa Agosti binti yetu alipata Diploma ya Serikali kwa asilimia 61. Wenzake walimmwagia poda kichwani mpaka akafanana na mtu aliyetoka kwenye kinu cha unga, akapitishwa mtaa mzima kwa vifijo, na mke wangu akatangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na karamu. Karamu bila mbuzi ni mkutano tu. Asubuhi ya Alhamisi nikatoka kwenda sokoni, lakini kabla sijafika nikakutana na kijana anayemvuta mbuzi kwa haraka isiyo ya kawaida kwa mtu au kwa mbuzi. Alisema mnyama ni wa shangazi yake aliyehamia Kolwezi. Alitaka dola 60. Nikampa 45, naye akazipokea bila kubishana, jambo ambalo lingemshtua hata mtoto wa darasa la tatu. Mimi nilijipongeza. Mbuzi alichinjwa Ijumaa jioni. Shingoni alikuwa amebaki na kipande cha kamba nzuri ya nailoni, na mke wangu, ambaye hatupi kitu, alikitumia kufungia mdomo wa gunia la makala, yaani mkaa.

Jumamosi saa tisa alasiri lupango lilijaa. Shemeji yangu alisimama kwenye jiko la makala akichoma michopo ya nyama, moshi ukimfuata kila alikohamia. Ndani ya nyumba kulikuwa na bukari, yaani ugali, sombe, yaani kisamvu, na samaki, nje kulikuwa na bia ya Simba kwa wanaokunywa na kinywaji cha munkoyo kwa wanaosema hawanywi. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Likasi kwa ajili ya mjukuu wake, aliketi kwenye kiti pekee chenye mto.

Katikati ya ulaji huo, kijana mmoja akatoa simu yake na kusema kwamba tangu jana kuna wimbo unaozunguka katika simu zote za Katuba na za mtaa wa Kenya, gitaa moja na sauti moja, na kwamba watu hawalali wakijiuliza unamsema nani. Akauchezesha. Ulikuwa wimbo mfupi wa Kiswahili, mpole, wenye gitaa la vidole kama walivyopiga wazee:

Mbuzi wangu ametoka jioni,
mweupe wa mwili, mpole wa macho,
sikio la kushoto limepasuka.
Amekata kamba ya bluu,
nusu ameacha, nusu ameenda nayo.
Atakayemwona asimfukuze,
mama hajala tangu jana.

Kisha, mahali pa mabanga, sauti ile ikataja tarakimu polepole, moja moja, ikianza na sifuri tisa tisa.

Watu wote wakanigeukia. Nilimeza kipande cha nyama, nikafuta vidole, nikaomba wimbo urudiwe. Nakiri kwamba nilikuwa na furaha kubwa, maana sijawahi kupata maandishi yenye utajiri kiasi hicho katika mistari saba.

Nikaanza. Mbuzi, nikasema, si mbuzi. Mtunzi asingepoteza nyuzi zake za gitaa kwa ajili ya mbuzi. Huyu ni mwanamume mwenye ndoa. Angalia kwamba ametoka jioni, na sote tunajua mbuzi huingia jioni, wala hatoki. Mweupe wa mwili maana yake ni mtu anayeonekana safi mbele za watu, pengine hata kanisani. Sikio la kushoto limepasuka: la kulia husikia mshahara ukitajwa, la kushoto ndilo lenye kazi ya kusikia mawaidha ya mke. Kamba ni ndoa. Na kwa nini bluu? Hapo nilinyamaza kidogo, nikachukua mchopo mwingine, kwa sababu nilikuwa sijajua bado. Nikasema bluu ni rangi ya nguo ya kazi, kwa hiyo mtu huyu ni fundi. Nusu ameacha, nusu ameenda nayo: anakula nyumbani mchana, usiku anakula kwingine.

Minong'ono ya kukubali ilipita kutoka meza hadi meza. Mzee mmoja akauliza kuhusu zile tarakimu. Mtu mwenye akili timamu angejibu kwamba ni namba ya simu, kwa kuwa hata mtandao wake ulijulikana tangu tarakimu ya tatu. Mimi nilieleza kwamba sifuri ni mikono mitupu ya mke aliyeachwa, na tisa ni miezi ya mimba, na kwamba tisa imetajwa mara mbili.

Kimya kilianguka. Nilikuwa nimesahau kwamba mbele yangu ameketi jirani yetu fundi seremala, mwanamume nadhifu, mwimbaji wa kwaya, ambaye nguo yake ya kazi ni ya bluu. Mkewe aliweka sahani chini taratibu kabisa, akamtazama mumewe kuanzia viatu kupanda juu, akauliza, "Baba, Jumanne jioni ulisema unapeleka kabati wapi?" Fundi akafungua mdomo, akaufunga, akachukua chupa ya bia ambayo haikuwa yake. Jasho lilimtoka, na hiyo ilikuwa Agosti, wakati Lubumbashi ina baridi ya jioni.

Ndipo mama mkwe alipozungumza. Alisema kwamba mwaka 1960, akiwa bado msichana mdogo, alicheza wimbo wa uhuru wa mwimbaji Kabasele na bendi yake ya African Jazz, na kwamba ndani ya wimbo ule viongozi walitajwa kwa majina, Kasavubu, Lumumba, hata Tshombe wa huku kwetu, na hakuna aliyehitaji mwalimu wa kumweleza kwamba Tshombe ni Tshombe. Kisha akanigeukia kwa ile sauti ya upole ambayo wakwe huitunza kwa siku maalumu.

"Baba, naomba kuuliza. Huyu mbuzi tunayemla alikuwa wa rangi gani?"

Nilijibu kwamba swali hilo halihusiani na ufasiri. Mke wangu, ambaye siku zote huwa upande wangu isipokuwa mama yake anapokuwepo, akasema, "Alikuwa mweupe."

Shemeji aliacha kupepea moto. Macho ya watu, moja baada ya jingine, yakaenda kwenye gunia la makala lililosimama kando ya miguu yake, na kwenye mdomo wa gunia hilo, uliofungwa vizuri kwa fundo la mke wangu, kulikuwa na kamba ya nailoni ya bluu, yenye ncha moja iliyochakaa kama mswaki wa zamani.

Nilijitetea. Nilisema kwamba kamba za bluu zimejaa Lubumbashi nzima, jambo ambalo ni kweli. Mama mkwe hakubishana. Aliinuka, akaingia jikoni, tukasikia mfuniko wa sufuria ukifunuliwa, kisha akatoka akiwa ameshika kitu kati ya vidole viwili. Kichwa cha mbuzi kilikuwa kinachemka kwa ajili ya supu ya wazee. Aliliweka sikio kwenye sahani yangu, upande wa kushoto. Lilikuwa limepasuka toka ncha hadi katikati, mpasuko wa zamani uliokwisha kupona, kama bahasha iliyofunguliwa na mtu mwenye pupa.

Ilibidi mtu apige ile namba, na watu walikubaliana bila kura kwamba mtu huyo ni mimi. Aliyepokea alikuwa kijana. Niliposema jina langu alifurahi kupita kiasi. "Mwalimu! Ulinifundisha mwaka wa nne! Uliniandikia kwenye insha yangu kwamba maandishi yangu hayana kina, kila kitu kiko juu juu." Nilikumbuka; nilimpa nne kwa kumi. Akaeleza kwamba mbuzi ni wa mama yake, kwamba walikuwa wameandika matangazo kwenye karatasi lakini hakuna aliyesoma, na ndipo alipowaza kwamba watu wa mjini hapa hawasomi tangazo ila husikiliza wimbo. Aliuliza kama nimemwona mbuzi. Nikamwambia kwamba, kwa namna fulani, ndiyo.

Walifika baada ya nusu saa kwa pikipiki moja, mama mbele, mwana na gitaa nyuma. Mama alitazama jiko, akatazama sahani, akalia kidogo. Kisha, kwa kuwa alikuwa na njaa ya siku mbili na harufu ya michopo haiheshimu msiba, akakubali kiti. Alionja kipande. Alisema chumvi imezidi, na kwamba mbuzi yule, kwa jinsi alivyolelewa, hakustahili chumvi nyingi hivyo. Tukakubaliana dola 90, za kulipwa kwa awamu mbili, pamoja na mguu wa nyuma uliokuwa bado haujachomwa. Ukijumlisha na zile 45, binti yangu ana diploma iliyosherehekewa kwa mbuzi ghali kuliko wote waliowahi kuchinjwa katika mtaa wetu, na yule kijana wa shangazi wa Kolwezi hajaonekana tena kwenye barabara ile.

Nilidhani habari ingeishia hapo. Nilimwendea mke wa fundi seremala, nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba sasa mambo yako wazi, mbuzi alikuwa mbuzi na kamba ilikuwa kamba. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu," akasema, "mbuzi amepatikana, sawa. Lakini nilimwuliza mtu kuhusu kabati, na kabati bado halijapatikana." Fundi alilala siku nne kwenye karakana yake, juu ya mbao, na hajanisalimu mpaka leo, meza niliyomwagizia binti yangu imesimama pale ikiwa na miguu mitatu.

Wiki mbili baadaye wimbo ulitoka upya, safari hii wenye beti tatu na mpiga ngoma. Katika ubeti wa mwisho kuna mwalimu anayemtafuta mbuzi ndani ya mbuzi huku meno yake yakiwa na nyama, na mahali pa mabanga, kwa sauti iliyo wazi kabisa, wametaja jina langu, shule na somo ninalofundisha. Wanafunzi wanauimba kwenye ukumbi ninapopita. Wako watu wenye migodi wanaolipa fedha nyingi ili majina yao yatajwe hivyo. Mimi nimetajwa kwa dola 90, na awamu ya pili bado sijamaliza.

Jana jioni mke wa fundi alipiga hodi akiwa na simu mkononi. Ameusikiliza wimbo mpya mara kumi, akasema, na katika ubeti wa pili amesikia kabati.