Sakinisha Linux Mint, kisha acha kuhamahama

Ukiuliza watu uanze na Linux ipi, yaani ule mfumo endeshi unaoweza kutumika badala ya Windows, utatajiwa majina 10 kwa dakika tano, na kila anayetaja ana sababu zake. Mimi jibu langu ni moja: sakinisha Linux Mint, kaa nayo angalau mwaka mzima, na ule muda ambao ungeutumia kujaribu distro nyingine (distro ni Linux iliyofungashwa na kundi fulani kwa namna yake) utumie kuujua mfumo wenyewe. Kinachowakatisha tamaa wengi ni kubadilisha distro kila wanapokwama, kwa sababu tatizo walilolikimbia huwafuata hukohuko waendako.

Distro zote zinatumia kiini kilekile cha Linux, ile sehemu ya ndani inayoendesha kompyuta. Zinachotofautiana hasa ni jinsi programu zinavyofungashwa na kasi ya mabadiliko. Arch husasishwa mfululizo, kwa hiyo mwenye nayo anatakiwa asome matangazo kabla ya kusasisha. Fedora hutoa toleo jipya kila baada ya miezi 6 hivi, na kila toleo hutunzwa kwa takriban miezi 13. Mint 22, iliyotoka mwaka 2024, imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itapata masasisho ya usalama hadi 2029. Kwa anayejifunza, utulivu huo ni mali: maelezo uliyosoma mwezi huu yatakufaa na mwakani. Tena, karibu kila suluhisho lililoandikwa kwa ajili ya Ubuntu hufanya kazi kwenye Mint. Ubuntu yenyewe si chaguo baya, na Debian ni imara kwelikweli, ila Mint inakuja tayari ikiwa na kidirisha cha draiva (programu zinazowezesha vifaa kufanya kazi) na Timeshift, programu ya kuurudisha mfumo nyuma, na menyu yake haimshangazi aliyetoka Windows.

Mint ina sura tatu, yaani mwonekano wa skrini na menyu zake: Cinnamon, MATE na Xfce. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 ipewe Xfce. Yenye GB 8 au zaidi ipewe Cinnamon. Prosesa lazima iwe ya biti 64. Hapa watu hujidanganya sana: distro nyepesi haitaiokoa kompyuta yenye diski ya kuzunguka, wala haitapunguza njaa ya kivinjari kilichofunguliwa kurasa 30. Kubadilisha diski hiyo kwa SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, kutakupa kasi ambayo hakuna distro itakayokupa.

Kabla ya kugusa chochote, nakili faili zako kwenye diski ya nje. Kama Windows itabaki kwenye kompyuta hiyohiyo, hifadhi kwanza mahali pengine ufunguo wa BitLocker, ile kinga ya Windows inayofunga diski kwa siri, kisha zima Fast Startup, mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka. Ikiachwa imewashwa, Windows haizimiki kikamilifu, na Linux ikija kufungua diski ile huruhusiwa kusoma tu bila kuandika. Pakua faili ya ISO, yaani Mint nzima ndani ya faili moja ya karibu GB 3, uihakiki kwa `sha256sum` (hutoa alama ya faili, uilinganishe na ile iliyotolewa na Mint), kisha iandike kwenye flashi ya GB 8. Kuruka uhakiki ni uvivu unaogharimu, kwani ISO iliyoharibika njiani huleta hitilafu katikati ya usakinishaji, na mtu huanza kuilaumu kompyuta.

Ukishawasha kompyuta kwa flashi hiyo, usikimbilie kusakinisha. Jaribu waifai, sauti, kamera na mwangaza wa skrini. Funga kifuniko, subiri, ufungue uone kama inaamka. Waifai ikikosekana, mara nyingi ni kadi ya Broadcom inayohitaji draiva ya ziada: unganisha simu kwa waya wa USB, shiriki intaneti, kisha fungua kidirisha cha draiva. Skrini ikibaki nyeusi, hasa kwenye kadi za michoro za NVIDIA, chagua kwenye menyu ya kuwashia ile hali ya upatanifu (compatibility mode), au ongeza neno `nomodeset` kwenye mstari wa kuwashia. Kisakinishi kisipoiona diski, angalia BIOS, ile mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya mfumo kuwaka. Huenda njia ya kuiendesha diski imewekwa RAID au RST badala ya AHCI. Lakini usibadilishe hilo ovyo kama Windows ipo, maana inaweza kugoma kuwaka.

Siku ya kwanza baada ya kusakinisha, washa Timeshift. Hupiga picha ya mfumo, hivyo sasisho likiharibu kitu unarudi nyuma. Kumbuka tu kwamba kwa mpangilio wake wa kawaida haihifadhi folda yako binafsi. Nyaraka na picha zako zinahitaji nakala yake mbali.

Sasa terminali, dirisha la kuandikia amri. Anza na `pwd` (uko folda gani), `ls` (kuna nini ndani), `cd` (hamia folda nyingine), `cp` (nakili), `mv` (hamisha) na `rm` (futa), na ujue kwamba kilichofutwa kwa `rm` hakipiti kwenye pipa la taka. Linux huona `Picha` na `picha` kuwa vitu viwili. Nenosiri halionekani unapoliandika. Liandike tu, ubonyeze Enter. `sudo` huendesha amri kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi wa mfumo, na `apt` ndiyo inayoshughulikia programu: `sudo apt update` husasisha orodha ya programu, na `sudo apt upgrade` ndiyo inayosakinisha matoleo mapya. Ukiambiwa `Could not get lock`, programu nyingine ya kusasisha inaendelea na kazi. Subiri imalize. Usifute faili ya kufuli hata ukikuta mahali wameshauri hivyo.

Ruhusa za faili ndizo zinazostahili jioni nzima. Andika `ls -l` utaona mstari kama `-rw-r--r--`. Herufi ya kwanza ni aina ya kitu, kisha zinafuata tatu za mwenye faili, tatu za kundi, tatu za watu wengine: `r` ni kusoma, `w` kuandika, `x` kuendesha. Hati ya amri (script) uliyoiandika ikikataa kuendeshwa kwa `Permission denied`, inakosa `x`, na dawa yake ni `chmod u+x nakala.sh`. `chmod 777` si dawa, inamfungulia kila mtu mlango wa kuandika. Na kuweka `sudo` mbele ya kila amri huzaa faili za root ndani ya folda yako, kisha programu zinashindwa kuhifadhi mipangilio yake. Likishatokea, `sudo chown -R $USER:$USER ~/.config` hurudisha umiliki.

Kuna mtego mmoja wa Mint ambao maelezo mengi hayautaji. Ukiongeza hazina ya programu ya nje iliyokusudiwa Ubuntu, amri nyingi huchukua jina la toleo kutoka kwenye mfumo. Mint 22 hujitambulisha kama `wilma`, jina ambalo hazina hiyo hailijui, na `apt` inalalamika kwamba hakuna faili ya Release. Endesha `grep UBUNTU_CODENAME /etc/os-release`, utapata `noble`, kisha liweke hilo badala ya `wilma` kwenye mstari wa hazina hiyo.

Anayehitaji Photoshop kwa kazi ya kila siku abaki na Windows pembeni, maana haitengenezwi kwa ajili ya Linux. Na anayetamani kuonja Arch au Fedora, kama kompyuta yake ina RAM ya GB 8 au zaidi, aiweke ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine, aipe RAM ya GB 4 na diski ya GB 25, aivuruge atakavyo huku Mint yake ikiendelea na kazi.